Mita 150 Kutoka Wapi?

Sheria ya maji ya Burundi, ya Machi 2012, imetenga ukanda wa mita 150 kandokando ya Ziwa Tanganyika kuwa eneo la hifadhi. Kwa anayeisoma ofisini, mambo yamekwisha: chukua futi kamba, pima, simika vigingi. Lakini mpe kazi hiyo mtu anayetengeneza ramani za mtandaoni, umwambie auchore ukanda huo kwenye mwambao wa Rumonge ili kila mwenye simu auone, naye atauliza kabla hajagusa kitu: mita 150 kutoka wapi?

Si swali la ukaidi. Kati ya 2018 na 2024 maji ya Tanganyika yalipanda kwa mita kadhaa. Gatumba, jirani na Bujumbura, maelfu ya watu walihama makazi yao. Kusini zaidi, bandari ya Rumonge iliingiliwa na ziwa, na nyumba zilizokuwa zikitazama maji kwa mbali zikajikuta zimesimama ndani yake. Hesabu yake ni nyepesi. Mahali ambapo ardhi hupanda mita 1 katika kila mita 100 za kuelekea bara, ziwa likipanda mita 3 ufukwe unahama mita 300. Hiyo ni mara mbili ya ukanda wote wa sheria.

Wala si mara ya kwanza. Msafiri Stanley alipolizunguka ziwa mwaka 1876 alikuta mto Lukuga, njia pekee ya maji kutoka ziwani kuelekea mto Kongo, umezibwa kwa tope na majani. Mwaka 1878 maji yalikuwa yamekipasua kile kizibo, na katika miaka iliyofuata ziwa likashuka kwa takriban mita 10. Ndiyo sababu mnara wa Ujiji, unaokumbusha kukutana kwa Stanley na Livingstone mwaka 1871, leo uko mbali na maji. Halafu zikaja mvua kubwa za mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kufikia 1964 ziwa likawa juu tena. Anayechora ufukwe wa Tanganyika anachora tarehe, atake asitake.

Tuchukue Kizuka, moja ya sehemu za Rumonge. Hapa ni tambarare ya Imbo, ardhi ya chini iliyobanwa kati ya ziwa na milima ya Mirwa. Ni nchi ya michikichi, kwani Rumonge ndiyo kitovu cha mawese ya Burundi, na ni nchi ya mukeke na ndagala, samaki ambao ng'ambo ya mpaka, Kigoma, huitwa migebuka na dagaa. Kirundi na Kiswahili hupokezana sokoni na mialoni. Kwa mwenye ramani mtandaoni, hata hivyo, taabu huanza mapema zaidi, pale anapoandika jina. Akiandika "Kizuka" bila kutaja nchi, huenda akapelekwa Morogoro, Tanzania, ambako kuna Kizuka nyingine. Kinachotafuta jina ni orodha tu, iliyounganisha kila jina na namba mbili, na orodha hiyo inapokuwa na majina yanayofanana hukisia: lipi lina watu wengi, lipi limeandikwa na wengi, lipi liko karibu na aliyeuliza. Penye taarifa chache, kisio huwa baya.

Namba zenyewe ndizo uti wa mgongo wa kazi hii. Mji wa Rumonge uko takriban -3.97 kwa latitudo na 29.44 kwa longitudo, yaani karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta na nyuzi 29 na nusu hivi mashariki mwa Greenwich. Ile alama ndogo ya kutoa ina uzito mkubwa. Karani anayejaza fomu akiisahau, nyumba ya mvuvi wa Rumonge inaruka ikweta na kutua upande wa hifadhi ya Garamba, kaskazini-mashariki mwa Kongo, kwenye nchi ya tembo. Namba mbili zikibadilishana nafasi, mvuvi huyo anahamishiwa jangwani, katikati ya Sahara ya Algeria. Kosa hili la pili ni la kila siku, kwa sababu watu wamezoea kutaja latitudo kwanza, ilhali GeoJSON, muundo wa faili unaotumiwa na ramani nyingi za mtandaoni na uliowekewa kanuni rasmi mwaka 2016, unataka longitudo itangulie. Fomu ikiachwa tupu, kuna programu zinazojaza sifuri mbili, na mtu anaishia baharini kwenye Ghuba ya Guinea, mahali ambapo mafundi wa ramani wamepaita kwa utani kisiwa, ingawa hapana hata mwamba.

Tarakimu baada ya nukta nazo zinasema kitu. Nyuzi moja ni kilomita 111 hivi. Tarakimu mbili, kama hizo za Rumonge hapo juu, zinamfikisha mtu ndani ya kilomita moja hivi. Nne, ndani ya mita 11. Tano, mita moja. Simu ya kawaida mahali peupe hukosea kwa mita 5 au zaidi kidogo, na chini ya michikichi iliyosongamana au kando ya ukuta mrefu hukosea zaidi. Ripoti inayoorodhesha visima kwa tarakimu nane baada ya nukta inajipa usahihi ambao hakuna simu iliyoupima. Hata hivyo, hali ya leo ni ya neema. Kabla ya Mei 2000, Marekani ilipoacha kuvuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, kosa liliweza kufika mita 100, theluthi mbili ya ule ukanda wa ziwa.

Ramani za karatasi za zamani zina kisa chao. Nyingi katika ukanda huu zilijengwa juu ya vipimo vya Tao la Meridiani ya 30, kazi kubwa ya kupima dunia kutoka kusini mwa Afrika kuelekea Misri, iliyoanzishwa na David Gill huko Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1879 na kukamilika 1954. Sehemu ya nchi ya Tanganyika ilipimwa na Mwingereza Martin Hotine kati ya 1931 na 1933. Walipima vizuri mno kwa zama zao. Lakini umbo la dunia walilolitumia katika hesabu si lile linalotumiwa na GPS, na ramani ya Tanzania ya mfumo wa Arc 1960 ikilazwa juu ya picha ya setelaiti bila kugeuzwa kihesabu, inapishana nayo kwa takriban mita 300 kaskazini-kusini. Barabara inapita ziwani na shule inakaa porini. Fundi asiyejua atalaumu picha.

Sasa picha. Google ilipofungua ramani zake mtandaoni Februari 2005, ilieneza mbinu ambayo leo inatumika karibu kila mahali: dunia hukatwa vigae vya mraba, kila kimoja pikseli 256 kwa 256. Kwenye hatua sifuri ya ukuzaji, dunia nzima ni kigae kimoja. Kila hatua inayofuata, kigae kimoja huzaa vinne, hata hatua ya 18 ikawa na vigae zaidi ya bilioni 68, ambapo pikseli moja hufunika sentimita 60 hivi za ardhi kwenye ikweta. Simu iliyoko Kizuka haivichukui vyote. Inaita vile vichache tu vinavyojaza kioo, na ukisogeza kidole inaita vingine. Hapo ndipo kifurushi cha intaneti kinapoliwa, hasa vigae vikiwa vya picha za angani, ambazo ni nzito kuliko mistari na majina. Kwa hiyo wafanyakazi wa mashirika wanaozunguka mwambao huu hupakua ramani yote ya nchi wakiwa mjini, kwa programu kama OsmAnd au Organic Maps, kisha huitumia bila mtandao.

Vigae hivyo huchorwa kwa mfumo wa Mercator, ambao huvimbisha nchi zilizo karibu na ncha za dunia. Greenland, ambayo Afrika inaizidi ukubwa mara 14 hivi, huonekana kama inashindana nayo. Burundi, kwa kuwa iko jirani na ikweta, karibu haiguswi na uvimbe huo. Kwa Rumonge kosa la kipimo halifiki hata asilimia moja. Ni moja ya mambo machache ambamo ramani za mtandaoni zinawapendelea Waafrika.

Picha za setelaiti si adimu tena, na hili bado halijaenea vya kutosha. Landsat, mradi wa Marekani, umekuwa ukipiga picha za dunia tangu Julai 1972, na tangu 2008 picha zake ni za bure. Setelaiti za Ulaya za Sentinel-2, ya kwanza ikiwa imerushwa Juni 2015, hupita juu ya ziwa kila siku chache, kila pikseli ikiwa mita 10, bure pia. Zinanasa hata mwanga usioonekana kwa macho. Katika infraredi ya karibu, majani mabichi hung'aa na maji huwa meusi, kwa hiyo kuutenga ufukwe na shamba la michikichi ni kazi ya kompyuta ya dakika chache.

Ila mawingu. Kuanzia Septemba au Oktoba hadi Mei, anga la Imbo hufunikwa mara kwa mara. Wanaotengeneza tabaka la picha kwa ajili ya ramani za kawaida huchagua zile safi, ambazo nyingi ni za kiangazi, na kuziunga pamoja, kipande cha mwaka huu na kipande cha mwaka mwingine. Matokeo yake ni mwambao maridadi usio na wingu na usio na tarehe. Wakati wa mafuriko ndio wakati wa mawingu, na ndiyo picha inayotupwa. Anayefungua ramani ya simu ili aone maji yalifika wapi Aprili 2024 anaweza kuwa anaangalia mchana mtulivu wa Julai wa mwaka ambao nyumba yake ilikuwa haijajengwa.

Dawa ipo: rada. Sentinel-1, iliyoanza kuruka Aprili 2014, hutuma mawimbi yake yenyewe, hupenya mawingu na huona usiku. Maji yaliyotulia hulirusha wimbi kando, lisirudi, na kwenye picha yanakuwa meusi. Ndizo picha ambazo wachambuzi wa mafuriko, kama wale wa kituo cha UNOSAT cha Umoja wa Mataifa, huziendea kwanza. Kasoro yake ni kwamba paa za bati na miti iliyosimama ndani ya maji hurudisha mwangwi mkali, kwa hiyo mtaa uliofurika unaweza kuonekana mkavu kuliko shamba lililo pembeni yake.

Tabaka jingine linalotumiwa sana bila kuulizwa umri wake ni la mwinuko wa ardhi. Ramani nyingi za mafuriko duniani hutegemea vipimo vya chombo cha anga Endeavour, kilichozunguka dunia kwa siku 11 Februari 2000 kikiipima kwa rada. Ni kazi ya kusifiwa. Lakini ziwa lililomo humo ni la Februari 2000, limesawazishwa kuwa bapa, na kosa la mwinuko katika vipimo hivyo huhesabiwa kwa mita kadhaa. Kupanda kwa Tanganyika nako ni kwa mita kadhaa. Programu inayomwambia mwenye nyumba wa Kizuka kwamba "yuko salama" kwa kutegemea tabaka hilo inamchezesha bahati nasibu, hata rangi zake zikiwa za kupendeza kiasi gani.

Jibu lililo karibu zaidi na lile swali la mita 150 lilitolewa mwaka 2016, pale Jean-François Pekel na wenzake wa kituo cha utafiti cha Tume ya Ulaya walipochapisha uchunguzi wa picha takriban milioni 3 za Landsat, za kuanzia 1984 hadi 2015. Badala ya kuchora ufukwe mmoja, walihesabu kila pikseli ya mita 30 ilikuwa maji mara ngapi, wakaweka yote kwenye ramani ya mtandaoni iliyo wazi kwa kila mtu. Penye maji ya kudumu pana rangi yake, penye maji ya msimu pana rangi nyingine, na palipofikiwa na maji japo mara moja panaonekana. Hapo mtu wa sheria anaweza kuchagua: kupima kutoka kwenye maji ya kudumu, au kutoka mahali pa mbali kabisa ambapo ziwa limewahi kufika. Hata hivyo, Landsat inaanza 1972. Ya 1878 na 1964 haikuyaona.

Mfano bora wa kuunganisha picha na maneno ya wenyeji uko kwenye ziwa hilihili, upande wa Tanzania. Mapema miaka ya 1990 mtafiti wa sokwe Jane Goodall aliruka kwa ndege ndogo juu ya Gombe, kaskazini mwa Kigoma, akaona hifadhi ya sokwe imebaki kijani katikati ya vilima vilivyonyolewa. Mwaka 1994 taasisi yake ilianza mradi wa TACARE katika vijiji vinavyoizunguka. Baadaye mtaalamu wa setelaiti Lilian Pintea alilinganisha picha za Landsat za 1972 na 1999, na upotevu wa msitu ukawa jambo la kuonyeshwa kwa kidole. Lakini picha za pikseli za mita 30 hazikuwagusa sana wanavijiji. Zilikuwa madoa ya rangi. Yalipoletwa mabango ya picha kali zaidi, ambazo mti mmoja unaonekana, watu walizikusanyikia. Walitambua mapito, vyanzo vya maji, miti ya matambiko, nyumba zao wenyewe. Mipaka ya misitu ya vijiji na mipango ya matumizi ya ardhi ilizungumzwa juu ya mabango hayo.

Kisha zikaja simu. Walinzi wa misitu waliochaguliwa na vijiji vyao walipewa simu zenye programu ya ODK, inayojaza fomu bila mtandao na kubandika mahali, saa na picha kwa kila tukio: mti uliokatwa, mtego, kiota cha sokwe. Wakirudi penye mtandao, taarifa zilipanda zenyewe. Kwa wanaopenda kujenga mambo yao juu ya huduma za bure za makampuni makubwa, kuna la kukumbuka: Fusion Tables ya Google, ambako miradi mingi ya aina hii duniani ilihifadhi majedwali na ramani zake, ilifungwa Desemba 2019. ODK, kwa kuwa msimbo wake ni wa wote, ipo hadi leo.

Kwingineko Afrika Mashariki mkondo umekuwa huohuo. Map Kibera, mjini Nairobi, ilianza 2009 kwa vijana kutembea na vipokezi vya GPS katika mtaa ambao ramani za mtandaoni ziliuonyesha kama nafasi tupu. Ramani Huria, Dar es Salaam, ilianza 2015: wanafunzi wa vyuo vikuu na wakazi wa kata kama Tandale walichora mitaro, madaraja na nyumba kwa ajili ya mafuriko. Mwaka 2016 Zanzibar iliamua kujipiga picha yenyewe kwa droni, Unguja na Pemba, badala ya kungoja setelaiti ipate siku isiyo na wingu. Mbili za kwanza ziliingiza michoro yao OpenStreetMap, ramani huru iliyoanzishwa na Steve Coast Uingereza mwaka 2004, ambayo yeyote anaweza kuihariri kama ensaiklopidia ya mtandaoni.

Kinachozuia Kizuka kupata ramani ya namna hiyo ni uhaba wa majina. Paa la bati linaweza kuchorwa na mtu wa kujitolea aliyeko Ulaya, akifuatisha picha ya angani jioni baada ya kazi, na mengi katika Burundi yamechorwa hivyo. Lakini mtu huyo hawezi kujua kama jengo ni shule au ghala la mawese. Hajui mwalo unaitwaje, wala njia ipi haipitiki Aprili, wala mtaa huu wenyeji wanauita kwa jina gani tofauti na lile la serikalini. Na majina ya serikalini nayo yanahama: Rumonge ilifanywa mkoa mwaka 2015, na katika mgawanyo mpya ulioanza kutumika 2025, mikoa 18 ya Burundi ilipopunguzwa kuwa 5 na komini 119 kuwa 42, ikaingizwa katika mkoa wa Burunga. Hifadhidata nyingi bado zinautaja mkoa wa Rumonge. Jedwali la mavuno au la wagonjwa lenye majina ya zamani haliungani tena na mipaka mipya, na ramani inatoka na mashimo meupe ambayo mtazamaji ataamini ni mahali pasipo na wagonjwa.

Lakini si kila jina linafaa kupelekwa kwenye ramani. Eneo hili limepitia mauaji ya 1972, ukimbizi na kurudi kwa wakimbizi, na mashauri ya ardhi kati ya waliorudi na waliowakuta yamechukua miaka mingi. Alama inayosema nani anaishi wapi inaweza kuwa silaha. Mashirika makini hukata tarakimu za nukta kabla ya kuchapisha, yakibakiza mbili tu, ili kaya ipotee ndani ya kilomita yake. Na huondoa taarifa za mahali ambazo simu huzificha ndani ya kila picha inayopigwa. Mwalo, kisima, zahanati na kivuko ni mali ya wote na havina haja ya kufichwa.

Kwa hiyo kijana wa Rumonge mwenye simu na programu ya kuhariri OpenStreetMap anaweza kuanza na mialo. Anasimama penye maji, anangoja duara la kosa kwenye kioo lipungue hadi mita chache, anaweka alama. Kuna nafasi ya jina la Kirundi, inayoandikwa name:rn, na ya Kiswahili, name:sw. Kuna nafasi ya tatu, check_date, ambayo wengi huiacha tupu. Humo huandikwa mwaka, mwezi na siku ambayo mtu alisimama hapo na kuona ziwa linaishia wapi.